Tetemeko la Rukwa la 1910 na kazi ya kupima matetemeko yaliyopita

Tarehe 13 Desemba 1910 ardhi ilitikisika kwa nguvu katika eneo la Rukwa, kusini-magharibi mwa nchi iliyokuwa ikiitwa wakati huo Afrika Mashariki ya Kijerumani. Katika orodha za matetemeko, tetemeko hilo limeandikiwa ukubwa wa 7.4, na ndilo kubwa kuliko yote yaliyowahi kunaswa na vyombo katika Bonde la Ufa la Afrika Mashariki. Namba hiyo moja imeingia katika kila hesabu ya hatari ya matetemeko inayohusu Tanzania, Zambia, Malawi na mashariki ya Kongo. Anayetaka kujua daraja, bwawa au hospitali ya Sumbawanga ijengwe imara kiasi gani, hatimaye atakuwa ameitegemea, hata kama hajawahi kuisikia.

Kwa muda mrefu nimekuwa nikijiuliza imepatikanaje. Mwaka 1910 kipimo cha Richter hakikuwapo. Charles Richter alikichapisha mwaka 1935, tena kwa ajili ya matetemeko ya kusini mwa California. Kipimo kinachotumika leo kwa matetemeko makubwa, kile cha momenti, kilikuja mwishoni mwa miaka ya 1970 kupitia kazi za Hiroo Kanamori na Thomas Hanks. Kwa hiyo 7.4 ya Rukwa haikusomwa kwenye chombo chochote siku ile. Ilikadiriwa miongo mingi baadaye, kutokana na mabaki ya ushahidi, na aliyeifanya kazi hiyo kwa bidii kuliko wengine ni Nicholas Ambraseys wa Imperial College, London, ambaye alichapisha uchunguzi wake kuhusu tetemeko hilo mwaka 1991. Yeye na Robin Adams waliyapitia upya matetemeko makubwa ya Afrika ya miaka 1900 hadi 1930, moja baada ya jingine, wakirudi kwenye kumbukumbu za asili badala ya kunakili orodha za waliowatangulia. Ninaiheshimu sana kazi ya namna hiyo, kwa sababu kosa likishaingia katika orodha moja hunakiliwa katika nyingine kumi, na baada ya muda linaonekana kama jambo lililothibitishwa mara kumi.

Ushahidi wa kwanza ni wa vyombo vyenyewe. Vipima mitetemo vilikuwapo mwaka 1910, lakini vingi vilikuwa Ulaya, maelfu ya kilomita kutoka Rukwa. Kile cha Emil Wiechert, kilichobuniwa Göttingen, kilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo elfu moja uliosimamishwa juu ya ncha, na sindano yake ilichora mawimbi kwenye karatasi iliyopakwa masizi. Mawimbi yanayosafiri juu ya uso wa dunia, yale yanayochukua takriban sekunde 20 kukamilisha mpando mmoja na mshuko mmoja, hufika mbali bila kupoteza sura yake. Mchunguzi wa leo akiupata mchoro ule, au angalau taarifa ya kituo iliyoandika kimo cha wimbi na muda wake, huweza kuingiza vipimo hivyo pamoja na umbali katika fomula iliyokubaliwa kimataifa katika miaka ya 1960, na kupata ukubwa wa tetemeko kwa mawimbi ya juu.

Maelezo hayo yanaonekana mepesi mpaka uanze kuuliza maswali. Je, chombo kilikuza mtikisiko wa ardhi mara ngapi? Je, kilikuwa na kitulizo cha kuizuia pendulamu isiendelee kubembea yenyewe baada ya wimbi kupita? Cha Wiechert kilikuwa nacho. Vyombo vya John Milne, ambavyo Waingereza walivitawanya katika makoloni yao, havikuwa nacho, na hivyo kimo kilichoandikwa kinaweza kuwa ni cha pendulamu kuliko cha ardhi. Ukikosea kimo cha wimbi kwa kukifanya mara mbili ya kilivyokuwa, ukubwa unaongezeka kwa 0.3. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini katika momenti ya tetemeko, yaani kipimo cha ukubwa halisi wa mtelezo uliotokea ndani ya mwamba, 0.3 ni karibu mara tatu. Ndiyo sababu wachunguzi hukusanya vituo vingi kadiri wanavyoweza, kisha huchukua wastani na kutazama jinsi vituo vinavyohitilafiana. Namba iliyotoka kwenye kituo kimoja tu haistahili kuaminiwa sawa na iliyotoka kwenye vituo kumi, ingawa katika orodha zote mbili huandikwa kwa tarakimu zilezile mbili.

Ushahidi wa pili ni wa watu, na hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu zaidi kwa Afrika Mashariki. Mbali na ukubwa, ambao ni mmoja kwa tetemeko zima, kuna ukali wa mtikisiko, ambao hutofautiana kutoka mahali hadi mahali na hupimwa kwa yale watu waliyoyaona: kengele zimelia zenyewe, kuta zimepasuka, mabomba ya moshi yameanguka, maporomoko yametokea milimani. Ngazi za ukali zinazotumika sana, zilizotokana na ile ya Giuseppe Mercalli wa Italia, hufika 12. Mtafiti huweka kila taarifa kwenye ramani, huchora mistari inayotenganisha maeneo ya ukali mmoja na mwingine, kisha huulinganisha ukubwa wa maeneo hayo na matetemeko ya karibuni ambayo ukubwa wake unajulikana kwa vyombo.

Lakini ngazi hizo zilitungwa kwa kuangalia nyumba za mawe na matofali za Ulaya. Ufipa, uwanda wa juu katika eneo la Rukwa, mwaka 1910 ilikuwa na nyumba za miti na udongo zilizoezekwa nyasi. Nyumba ya namna hiyo hunyumbulika, na mtikisiko ambao ungeangusha ukuta wa mawe unaweza kuiacha na nyufa za kukandikwa upya kabla ya jioni. Kijiji kizima kingeweza kupitiwa na mtikisiko mkali kisiache alama ambayo mgeni angeiona inafaa kuandikwa. Majengo machache ya matofali na mawe yalikuwa ya serikali ya kikoloni na ya misheni, na wenye desturi ya kuandika matukio ya kila siku walikuwa wamisionari, hasa Mapadre Weupe, ambao walikuwa Karema kando ya Ziwa Tanganyika tangu mwaka 1885 na ambao shirika lao liliagiza kila kituo kiweke shajara. Kwa hiyo ramani ya ukali wa tetemeko lolote la zama zile, katika sehemu kubwa ya bara, ni ramani ya mahali walipokuwa watu wanaoandika. Pale ambapo hapakuwa na taarifa haimaanishi kwamba hapakuwa na mtikisiko, na mtafiti asiyelikumbuka jambo hili atalipunguza tetemeko bila kujua. Kipimo cha ukali cha Ulaya cha mwaka 1998 kimejaribu kutibu udhaifu huu kwa kuyagawa majengo katika madaraja sita ya uimara, ili uharibifu uleule usomwe tofauti kwa nyumba dhaifu na kwa nyumba imara. Ni hatua nzuri, ingawa nyumba zetu bado zinahitaji kupewa nafasi yake mahsusi katika madaraja hayo.

Kuna tatizo jingine linalovuta upande wa pili. Katikati ya Tanzania kuna pande la mwamba mkongwe sana na baridi, ambalo wanajiolojia huliita kratoni ya Tanzania. Mawimbi ya tetemeko hupita ndani yake bila kufifia upesi, kwa hiyo mtikisiko husikika mbali kuliko ambavyo ungesikika katika nchi zenye miamba iliyovunjikavunjika na yenye joto. Mtafiti atakayetumia mlinganyo uliotengenezwa kwa Italia au Ugiriki, akaona tetemeko letu limehisiwa katika eneo pana mno, atahitimisha kwamba lilikuwa kubwa kuliko lilivyokuwa. Dawa yake ni kutumia matetemeko yetu wenyewe. Tetemeko la Bukoba la tarehe 10 Septemba 2016, ambalo lilikuwa la ukubwa wa 5.9, liliua watu wasiopungua 17 na kuhisiwa hadi Uganda, Rwanda na Kenya, ni msiba ambao pia ulituachia rula: tunaujua ukubwa wake kwa vyombo, na tunaweza kuyajua kwa kina yaliyozipata nyumba za Kagera. Vivyo hivyo lile la Ziwa Tanganyika la tarehe 5 Desemba 2005, la ukubwa wa 6.8. Kila taarifa ya uharibifu inayokusanywa kwa uangalifu baada ya tetemeko la sasa inasaidia kulipima la zamani.

Ushahidi wa tatu umo ardhini, na huu ndio unaonivutia kuliko yote. Tetemeko kubwa lenye kina kifupi huupasua uso wa nchi. Mfano ulio wazi zaidi kwetu ni wa Subukia, nchini Kenya, tarehe 6 Januari 1928. Mpasuko wa Laikipia-Marmanet ulifunguka kwa urefu wa takriban kilomita 38, na upande mmoja ukashuka hadi mita 2.4 chini ya mwingine. Kutokana na matetemeko mengi yaliyopimwa duniani kote, Donald Wells na Kevin Coppersmith walichapisha mwaka 1994 milinganyo inayounganisha urefu wa mpasuko na ukubwa wa tetemeko. Ukiweka kilomita 38 katika mmojawapo, unapata 6.9, na hiyo ndiyo namba ambayo mawimbi yaliyonaswa na vyombo yaliipa Subukia. Njia mbili zisizotegemeana zinapokutana hivyo, mtu ana haki ya kuwa na imani.

Hesabu hiyo inaweza kufanywa pia kwa njia ya moja kwa moja. Momenti ya tetemeko ni ugumu wa mwamba, mara eneo la uso ulioteleza, mara wastani wa mteremko, yaani umbali ambao upande mmoja wa mpasuko uliteleza dhidi ya mwingine. Chukua urefu wa kilomita 38, upana wa kilomita 15 kwenda chini, wastani wa mteremko wa mita 1 na ugumu wa kawaida wa miamba, utapata ukubwa wa karibu 6.8. Ongeza upana uwe kilomita 25 na utapata 6.9. Urefu na mteremko tunaweza kuupima kwa futi kamba juu ya ardhi. Upana hauonekani, nao hutegemea mwamba unabaki mgumu na wenye kuvunjika hadi kina gani. Katika nchi nyingi kina hicho hufika kilomita 15 hivi. Katika tawi la magharibi la Bonde la Ufa, Rukwa ikiwamo, matetemeko hutokea hata kilomita 30 na zaidi chini ya ardhi. Maana yake ni kwamba mpasuko wetu unaweza kubeba tetemeko kubwa kuliko mpasuko wenye urefu uleule mahali pengine, na kwamba milinganyo ya dunia nzima inaweza kutupunja.

Pale ambapo tetemeko halikuandikwa na mtu yeyote, wachunguzi huchimba handaki linalokatiza mpasuko. Katika kuta zake husoma tabaka za mashapo: tabaka iliyokatwa ni ya kabla ya tetemeko, na ile iliyotandikwa juu ya mkato bila kuvunjika ni ya baada yake. Chini ya ukuta ulioinuka hukutwa kabari ya udongo uliomomonyoka kutoka kwenye ukuta huo, na unene wa kabari hiyo hudokeza kimo cha ukuta ulipozaliwa. Vipande vya mkaa vilivyonaswa katika tabaka hupimwa kwa kaboni 14, nayo hutoa umri ndani ya miaka elfu hamsini iliyopita, kwa ukingo wa makumi ya miaka au zaidi. Kazi hii ilifanyika katika bonde la Subukia, matokeo yakachapishwa mwaka 2009, na tabaka zilionesha kwamba mpasuko ule ulikuwa umekwisha kuvunjika zaidi ya mara moja kabla ya 1928.

Swali gumu kuliko yote katika kazi hii ni kama ukuta unaouona ni wa siku moja au wa siku nyingi. Kusini mwa Ziwa Malawi kuna mpasuko wa Bilila-Mtakataka, wenye urefu wa zaidi ya kilomita 100, na ukuta wake una wastani wa kimo cha karibu mita 10. Watafiti walioueleza mwaka 1997 walitoa hoja kwamba, kama ukuta wote uliinuka mara moja, basi lilikuwa tetemeko la ukubwa wa karibu 8. Ukifanya hesabu ya momenti kwa kilomita 100, upana wa kilomita 40 na mita 10 za mteremko, 8.0 inatoka kweli. Lakini ukichukulia kwamba ukuta uliinuka mita 3 kila mara, unapata 7.6. Na ukichukulia kwamba vipande vya kilomita 20 huvunjika kimoja kimoja, mlinganyo wa urefu unakupa takriban 6.6. Uchunguzi wa baadaye wa picha za satelaiti ulionesha kwamba mpasuko umegawanyika katika vipande na kwamba umbo la ukuta linaonesha dalili za zaidi ya tukio moja. Ukuta ni uleule, wapimaji wote ni waaminifu, na bado majibu yanatoka 6.6 hadi 8. Mhandisi anayepewa mojawapo ya namba hizi bila kuelezwa nyingine amenyimwa habari anayoihitaji.

Wakati mwingine ushahidi unalala mbali kabisa na chanzo chake. Huko Pangani, Tanga, wanaakiolojia akiwamo Elinaza Mjema wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuta mifupa ya binadamu ndani ya tabaka la mchanga katika makazi ya kale ya Waswahili. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020 ulieleza kwamba tabaka hilo liliachwa na tsunami ya takriban miaka elfu moja iliyopita, na mifano ya kompyuta ikaelekeza kwenye tetemeko kubwa la upande wa Sumatra. Sisi wa pwani tuna sababu ya kulichukua jambo hilo kwa uzito: tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, iliyotokana na tetemeko la ukubwa wa 9.1 upande uleule, ilileta vifo hadi Tanzania na Kenya.

Sasa namba hizi zinaingiaje katika ramani ya hatari? Mtayarishaji wa ramani hukusanya orodha ya matetemeko, huyageuza yote yawe katika kipimo kimoja, kisha hutafuta uwiano kati ya madogo na makubwa. Kanuni ya Gutenberg na Richter inasema kwamba, kwa kawaida, ukishuka ngazi moja ya ukubwa, idadi huongezeka takriban mara kumi. Madogo yanayotokea mara kwa mara hutumika kukadiria makubwa yanayotokea kwa nadra. Lakini orodha yetu ni fupi. Matetemeko ya ukubwa wa 5 yamenaswa vizuri katika eneo hili tangu miaka ya 1960 tu, mtandao wa dunia wa vipima mitetemo ulipoenezwa na Nairobi kupata kituo chake. Mpasuko unaokusanya milimita moja kwa mwaka unahitaji miaka elfu tatu kukusanya mteremko wa mita 3. Orodha ya miaka mia moja na kidogo haiwezi kuwa imeona zamu ya kila mpasuko. Februari 2006 tetemeko la ukubwa wa 7.0 lilitokea Machaze, Msumbiji, na likaipasua ardhi katika eneo ambalo wachache sana walilihesabu kuwa na hatari kubwa kiasi hicho.

Katika orodha fupi kama hii, tukio moja kubwa hubeba uzito wote. Momenti ya tetemeko la ukubwa wa 7.4 ni sawa na ya matetemeko takriban 180 ya Bukoba. Ukiishusha Rukwa kutoka 7.4 hadi 7.1, umeondoa karibu theluthi mbili ya momenti yake, na pamoja nayo umeubadilisha ulinganisho wote kati ya mwendo wa mabamba ya ardhi unaopimwa kwa satelaiti na kiasi ambacho matetemeko yametoa katika karne nzima. Ramani ya kawaida huonesha mtikisiko wenye uwezekano wa asilimia 10 kupitwa ndani ya miaka 50, yaani unaotarajiwa kwa wastani mara moja katika miaka 475, na kiwango hicho hutegemea moja kwa moja tetemeko kubwa kabisa ambalo mtayarishaji ameliruhusu kutokea katika kila kanda.

Hapa ndipo ninapotofautiana na desturi niliyoiona katika ripoti kadhaa, ya kuchukua tetemeko kubwa linalojulikana, kuliongezea sehemu kidogo ya ngazi, na kulifanya kikomo. Tetemeko la 1910 ni kubwa kuliko yote tuliyoyanasa. Haliwezi kuchukuliwa kuwa kubwa kuliko yote ambayo Rukwa inaweza kuyatoa, kwa sababu hakuna anayeweza kujua hilo kwa kutazama karne moja. Wataalamu wa hatari wana njia ya kuyabeba mashaka haya bila kuyaficha: hutengeneza mti wa uwezekano, ambamo 7.1, 7.4 na 7.7 kila moja hupewa tawi lake na uzito wake, na ramani hutolewa pamoja na upana wa majibu yote. Ningependa kila ripoti inayohusu bwawa au bomba la mafuta katika ukanda huu ichapishe upana huo kwenye ukurasa wa mbele, mahali ambapo waziri na mhandisi wote wataukuta.

Na kazi ya kuupunguza upana huo ipo. Michoro ya masizi ya mwaka 1910 iliyosalia katika hifadhi za Ulaya inaweza kupigwa picha na kusomwa upya kwa kompyuta. Shajara za misheni za Ufipa na za ng'ambo ya Ziwa Tanganyika zinaweza kusomwa na watu wanaozijua nyumba zilizoelezwa humo. Kubwa kuliko yote, katika uwanda wa Ufipa, karibu na Sumbawanga, kuna mpasuko wa Kanda, wenye urefu wa zaidi ya kilomita 100 na ukuta ulionyooka unaoonekana waziwazi kutoka angani, ambao baadhi ya wanajiolojia wanauhusisha na tetemeko la 1910. Mahandaki machache yaliyochimbwa kwa uangalifu katika sehemu zake mbalimbali yangeweza kuonesha kama ukuta ule uliinuka mara moja au kwa zamu, na kama tabaka ya mwisho kukatwa ni changa kiasi cha kuwa ya 1910. Ikionekana kwamba mpasuko wote uliwahi kuteleza mita 3 kwa pamoja hadi kina cha kilomita 35, hesabu inatoa takriban 7.6, na viwango vya ujenzi vya Sumbawanga vitahitaji kupandishwa. Ikionekana kwamba huvunjika vipande vipande, matetemeko yake ni madogo zaidi lakini huja mara nyingi zaidi, na wajenzi wa nyumba za kawaida za matofali ndio watakaohitaji kupewa mwongozo mpya kwanza.